Dawa Inayofungua Ghala la Damu

Nawasalimu akina mama na akina baba mlioketi katika madarasa ya jioni Bangwe, Katonga, Kibirizi, Ujiji, na kote mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: DAMU, GUNDI, GHALA. Kila nitakapotaja mojawapo, mwanafunzi mmoja asimame aliguse kwa fimbo. Ndiko kusoma kwetu kwa leo.

Somo lenyewe latokana na barua ya darasa la Bangwe. Wameuliza hivi: Mbwa aking'oka jino, au akikatika sikio, damu ikatoka usiku kucha bila kukoma, je, mbwa naye aweza kuwa na ugonjwa wa damu kama binadamu? Na kama anao, dawa iko?

Wako watu wengi kwetu Ujiji ambao hawafugi mbwa wala hawapendi kuguswa naye, na mimi siwalaumu. Lakini nawaomba nao wasizime redio. Mambo ambayo madaktari wameyajua kwa kumtazama mbwa yanamhusu pia mtoto wa kiume anayepelekwa jandoni, na mwanamke anayetoka damu nyingi kila mwezi.

Tuanze na kidole. Umekaa ufukweni unapasua mgebuka, kisu kimeteleza, kimekukata. Damu inatoka. Unakibana kidole, unaendelea na mazungumzo, na baada ya dakika chache damu imekoma. Je, imekomaje?

Kwanza, mshipa uliokatwa hujikaza ukawa mwembamba, ili damu ipite kidogo. Pili, zimo katika damu chembe ndogo sana, hazionekani kwa macho, nazo huitwa chembe sahani kwa sababu zina umbo la visahani. Chembe hizi hujibandika penye jeraha, moja juu ya nyingine, mpaka zimeziba tundu. Tatu, protini nyingine za damu huungana zikafuma nyuzi, na nyuzi zikawa wavu unaoshika kila kitu mahali pake mpaka kidonda kipone. Protini hizi za kufuma wavu, sisi leo tutaziita vigandishi. Viko vingi, na wataalamu wamevipa namba.

Sasa turudi kwenye ile hatua ya pili, maana ndiyo yenye habari. Damu ndani ya mshipa haitulii. Hukimbia kama Mto Malagarasi wakati wa masika. Kitu chepesi kilichomo katika mto wenye mkondo mkali hakiwezi kushika ukingoni ila kiwe na cha kukishikiza. Chembe sahani nazo ni vivyo hivyo. Hazina budi kupata gundi, na gundi hiyo imo katika damu yenyewe. Ni protini ndefu sana, kama uzi wenye ndoano nyingi: upande mmoja hushika ukuta wa mshipa uliochanika, upande mwingine hukamata chembe sahani zinazopita. Mvuvi aliyewahi kutega kaputi ya ndoano nyingi ataelewa upesi kuliko mimi.

Gundi hii ina jina la daktari mmoja wa Ufini, Erik von Willebrand. Mwaka 1924 aliletewa katika mji wa Helsinki mtoto wa kike wa miaka mitano, aliyetoka kisiwa cha Föglö katika visiwa vya Åland. Mtoto huyo alikuwa akitoka damu mara kwa mara, puani, midomoni, na kila alipojikwaruza, na baadhi ya dada zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kutoka damu. Daktari aliwachunguza watu wa ukoo ule, na mwaka 1926 akaandika kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi, tena si ule uliokuwa ukijulikana, kwa maana ule wa zamani huwapata zaidi wanaume, na huu ulikuwa ukiwapata wanawake na wanaume pia. Yule mtoto alipokuwa msichana alifariki kwa damu ya hedhi. Hiyo ndiyo sababu nimewataja akina mama tangu mwanzo.

Gundi ya von Willebrand ina kazi ya pili. Hukibeba kigandishi namba nane. Kigandishi hiki kikisafiri peke yake katika damu huharibika upesi, lakini kikiwa kimebebwa na gundi hudumu. Basi gundi ikipungua, mara nyingine namba nane nayo hupungua. Na wako watu ambao gundi yao ni nzima kabisa, ila namba nane wamezaliwa nayo kidogo au hawana. Hao ndio wenye ule ugonjwa wa zamani niliousema, unaoitwa hemofilia. Tafadhali shikeni tofauti hiyo, tutaihitaji.

Sasa mbwa. Jibu la swali la kwanza la Bangwe ni ndiyo. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Jean Dodds, alieleza ugonjwa huu huu wa von Willebrand katika mbwa wa aina ya German shepherd, ambao polisi wengi huwatumia. Tangu hapo umeonekana katika aina nyingi za mbwa, na ulioenea zaidi ni katika aina iitwayo Doberman, mbwa mrefu mweusi mwenye madoa ya rangi ya kahawia. Wengi wa mbwa hao huzaliwa na gundi kidogo. Mbwa kama huyo huonekana mzima kabisa. Hukimbia, hubweka, hula. Siku akikatwa mkia, au akihasiwa, au akiota meno makubwa, hapo ndipo mwenyewe hushtuka.

Ugonjwa huu una namna tatu. Namna ya kwanza, gundi ni nzima lakini ni kidogo. Ndiyo ya Doberman. Namna ya pili, gundi ipo lakini ni mbovu, nyuzi zake ni fupi. Namna ya tatu, gundi haipo kabisa, au ipo kama hakuna, nayo huonekana katika mbwa wadogo waitwao Scottish terrier. Binadamu naye ana namna hizi hizi tatu.

Haya, tuache damu kidogo, twende kwenye ubongo. Msishangae. Tutarudi.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Tezi hii humwaga katika damu vitu viitwavyo homoni. Homoni ni mjumbe. Hutumwa na kiungo kimoja, husafiri katika damu, hufika kwenye kiungo kingine, hubisha hodi, hutoa habari, na kiungo kile hufanya kazi kilichoambiwa. Miongoni mwa wajumbe wa tezi hii wako wawili ambao ni kama ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ni mkufu wa shanga tisa, na kati ya shanga hizo tisa, saba ni sawa kwa wote wawili. Mbili tu hutofautiana.

Wa kwanza anaitwa oksitosini. Akina mama mliozalia Hospitali ya Maweni au kituo chochote cha afya huenda mmekwisha mpokea bila kuambiwa jina lake: ni ile sindano mkunga anayochoma mara mtoto akishatoka, ili mji wa mimba ujikaze na damu ipungue. Wa pili anaitwa vasopresini. Kazi yake kubwa iko kwenye figo. Huziambia figo zisimwage maji ovyo, ndiyo maana usiku hujakunywa maji na mkojo wako wa alfajiri ni kidogo na una rangi. Tena hukaza mishipa ya damu. Mtaalamu Vincent du Vigneaud wa New York ndiye aliyeweza kuzitunga homoni hizi mbili kwa mikono katika maabara, naye mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Watu wakishajua kutunga mkufu, hutaka kubadilisha shanga. Mwaka 1967, katika mji wa Prague, wataalamu wa Chekoslovakia, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule, waliichukua vasopresini wakaigeuza mahali pawili tu. Kitu kilichopatikana kiliitwa desmopresini. Kilifanana na homoni lakini hakikuwa homoni yenyewe, na tabia yake ilikuwa nzuri kuliko ya mzazi wake: kilidumu mwilini muda mrefu zaidi, kilishika maji kwenye figo kwa nguvu, lakini hakikukaza mishipa ya damu kwa hatari. Kikawa dawa ya wagonjwa wanaokojoa mno bila kuwa na kisukari, na baadaye ya watoto wanaokojoa kitandani.

Kumbe dawa ile ilikuwa na kazi nyingine ambayo waliyoitunga hawakuitafuta. Katika miaka ya sabini ilionekana kwamba mtu mzima akichomwa desmopresini, katika muda wa saa moja gundi yake ya von Willebrand na kigandishi chake namba nane huongezeka katika damu mara mbili, hata mara tano. Mwaka 1977 Pier Mannucci na wenzake wa Italia walitangaza kwamba wameitumia kwa wagonjwa wa von Willebrand na wa hemofilia isiyo kali, wakang'olewa meno na kupasuliwa pasipo kutiwa damu ya mtu mwingine. Lilikuwa jambo kubwa. Na miaka michache baadaye lilionekana kubwa zaidi, maana virusi vya UKIMWI na homa ya ini viliingia katika dawa zilizotengenezwa kwa damu ya watu, na wagonjwa wengi wa hemofilia duniani waliambukizwa. Desmopresini haitoki katika damu ya mtu yeyote.

Je, yatoka wapi basi gundi hii inayoongezeka kwa saa moja? Hapo ndipo penye neno letu la tatu. Mwalimu, gusa GHALA.

Mishipa ya damu kwa ndani imetandikwa chembe hai zilizopangwa kama vigae. Katika kila kigae imo mifuko midogo mirefu, na mifuko hiyo ilionwa kwa hadubini na Weibel na Palade mwaka 1964. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya mifuko imehifadhiwa gundi ya von Willebrand, imekunjwa vizuri, tayari kwa siku ya hatari. Desmopresini hufika kwenye vigae vile, hubisha hodi, na mifuko humwaga mali yake katika damu.

Sikilizeni vizuri sana hapa. Dawa hii haitengenezi gundi. Haiongezi hata tone moja ambalo mwili haukuwa nalo. Inafungua tu mlango wa ghala. Mambo mengine yote ya dawa hii, mazuri yake na mabaya yake, yatokana na hilo.

Sasa twende Kanada, mji wa Guelph, mahali penye chuo cha madaktari wa wanyama. Huko, katika miaka ya themanini, Ian Johnstone na wenzake waliwachoma mbwa desmopresini, kwanza mbwa wazima, kisha mbwa wenye ugonjwa, wakapima damu kabla na baada. Mwaka 1989 wataalamu wengine walitoa habari za mbwa wa Doberman waliopimwa kwa njia hiyo. Walichokiona kiliwafikirisha. Kwa mbwa, gundi huongezeka, ndiyo, lakini kidogo kuliko kwa binadamu. Mara nyingi haifiki hata maradufu. Kama ungetazama hesabu peke yake ungesema dawa hii haifai kwa mbwa. Lakini walipopima damu kukoma, waliona yakoma upesi zaidi.

Kipimo hicho cha kukoma nitawaeleza, maana ni rahisi nacho chahitaji saa tu. Daktari wa wanyama humlaza mbwa ubavu, huugeuza mdomo wa juu nje, huukata kidogo sana kwa ndani kwa kijembe maalumu, kisha hufyonza damu kwa karatasi pembeni mwa jeraha bila kuligusa, huku akitazama saa. Kwa mbwa mzima damu hukoma kabla ya dakika nne kwisha. Kwa Doberman mgonjwa dakika zaweza kupita kumi. Akichomwa desmopresini, dakika hupungua. Wako ambao hupungua sana, wako ambao hupungua kidogo, na wako ambao dawa haiwasaidii.

Je, kwa nini damu ikome upesi na hali gundi imeongezeka kidogo? Johnstone alilitafuta jibu kwa miaka. Mwaka 1999 alionyesha kwamba baada ya sindano, gundi iliyomo katika damu ya mbwa hushika zaidi kwenye kolajeni, yaani zile nyuzi za ukuta wa mshipa zinazofunuliwa na jeraha. Ni kusema gundi si nyingi sana, ila ina kunata zaidi. Mimi naona hili ni funzo zuri kwa sisi tunaojifunza hesabu: kiasi cha kitu na kazi ya kitu ni mambo mawili, na mpimaji hodari hupima yote mawili.

Habari ya kiasi imetuleta kwenye hesabu yetu ya leo. Madaktari wa wanyama humpa mbwa mikrogramu moja ya desmopresini kwa kila kilo ya uzito wake, chini ya ngozi. Mikrogramu ni nini? Chukua gramu moja ya sukari, ambayo ni kama robo ya kijiko cha chai. Igawe mafungu milioni moja. Fungu moja ni mikrogramu moja. Mbwa wa kilo 25 atapewa mafungu 25. Mwalimu, andika ubaoni: 1,000,000 gawanya kwa 25. Nawapa nafasi kidogo. Jibu ni 40,000. Gramu moja tu ya dawa hii yatosha mbwa elfu arobaini wa uzito huo. Nimewapa hesabu hii ili mwone jinsi wajumbe wa mwili wanavyofanya kazi kwa kiasi kidogo mno, wala sikuwapa ili mkampime mbwa nyumbani. Sindano ni kazi ya daktari wa wanyama.

Nguvu ya dawa kwa mbwa huanza kuonekana baada ya kama nusu saa, nayo hudumu saa nne hivi. Kwa hiyo hutolewa kabla ya kupasua, si baada ya wiki moja ya kutoka damu. Akirudia kumchoma leo hii mara ya pili na ya tatu, atapata faida ndogo zaidi kila mara, kwa maana ghala lililokwisha tolewa mali huhitaji siku moja au mbili lijae tena. Na mbwa wa namna ya tatu, yule asiye na gundi kabisa, umfungulie ghala mara mia, hakuna kitakachotoka. Huyo hana budi kutiwa damu, au maji ya damu, ya mbwa mwingine. Hapo waganga wa mbwa wamebuni ujanja unaonipendeza: mbwa mzima atakayetoa damu huchomwa yeye desmopresini kwanza, muda mfupi kabla ya kutolewa damu, ili damu yake iwe imejaa gundi ikitoka. Ghala hufunguliwa kwa jirani, chakula kikapelekwa kwa mwenye njaa.

Sasa hatari yake. Mmesahau figo? Dawa imeitwa kufungua ghala la gundi, lakini haikuacha kazi yake ya asili ya kuziambia figo zishike maji. Mama amepika mchuzi wa kuhe, ameutia chumvi ya Uvinza sawasawa. Mtu akimimina humo kata mbili za maji, chumvi haikupungua hata chembe, lakini mchuzi umekuwa chapwa. Damu nayo ina chumvi yake. Mtu au mbwa aliyechomwa desmopresini akinywa maji mengi, maji hayatoki, damu huwa chapwa, na ubongo huanza kuvimba. Kichwa huuma, hutapika, huweza kushikwa na kifafa. Kwa sababu hiyo madaktari humpunguzia mgonjwa maji siku ile, na kwa watoto wachanga huiogopa dawa hii sana.

Naja kwenye jambo ambalo laweza kuokoa mbwa wa Bangwe hata kama desmopresini haipatikani katika duka lolote la dawa la karibu. Si kila kutoka damu kunatokana na gundi. Mbwa wa kwetu anayeanza ghafla kutoka damu puani na katika ufizi, na mwaka jana alijikata akapona vizuri, mwulize kwanza mwenye nyumba kama ametega sumu ya panya. Sumu nyingi za panya, kama bromadioloni, huua kwa kuizuia vitamini K isifanye kazi katika ini, na ini lisipoipata haliwezi kumaliza kutengeneza vigandishi kadhaa. Panya hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa, mbwa akamla, au mbwa akaila sumu yenyewe, naye baada ya siku mbili mpaka tano huanza kutoka damu. Mbwa huyo umfungulie ghala la gundi, hutamsaidia. Dawa yake ni vitamini K, nayo hupewa kwa majuma, si siku moja. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, wala mchicha, ingawa mchicha una vitamini K ndani yake, kwa kuwa hautoshi kushindana na sumu. Mpelekeni mbwa kwa bwana mifugo upesi pamoja na karatasi au pakiti ya sumu, ili asome jina. Hapa nadhani faida ya kujua kusoma inaonekana bila mimi kuisema. Kadhalika aliyeumwa na nyoka aina ya bafe, mtu au mbwa, damu yake yaweza kukataa kuganda kwa sababu ya sumu ya nyoka, na dawa yake ni dawa ya kupinga sumu hiyo.

Kwa binadamu je? Mama mwenye mtoto wa kiume ambaye mjomba wake alitoka damu siku nyingi alipotahiriwa, au alivimba magoti bila kuanguka, asimpeleke mtoto jandoni wala hospitali kutahiriwa kabla ya kumwambia daktari habari hiyo. Hemofilia hupita kwa akina mama ikawapata wana wao. Vivyo hivyo msichana ambaye hedhi yake hupita siku saba, au hubadili kitambaa kila saa, na dada zake wako hivyo hivyo, asiambiwe kwamba ndivyo wanawake wa kwao walivyo. Aende Maweni aseme maneno haya: kwetu tuna ugonjwa wa damu kutokoma. Wengi huitwa wana upungufu wa damu, wakapewa vidonge vya madini ya chuma, na vidonge ni vizuri, lakini sababu haikuguswa. Kipimo cha gundi na cha vigandishi chahitaji maabara kubwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina huduma ya wagonjwa wa hemofilia na wa von Willebrand, na daktari wa mkoa aweza kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda huko. Wakati akingoja, asimeze aspirini kwa maumivu, maana aspirini huzipunguzia nguvu zile chembe sahani.

Na mgonjwa akifika mahali penye desmopresini, daktari mzuri hamchomi tu akampeleka kupasuliwa. Humchoma siku nyingine kabla, akampima damu, akangoja saa moja, akapima tena, ili ajue kama ghala la mtu huyu lina mali. Katika hemofilia kali halina namba nane ya kutoa. Katika ile nyepesi linayo. Kwa wale wa namna ya pili ya von Willebrand kuna ambao gundi yao mbovu ikimwagwa kwa wingi huleta madhara. Shirika la Afya Duniani limeiweka desmopresini katika orodha yake ya dawa za lazima, na hata hivyo hutolewa kwa kuchagua.

Barua ya Bangwe ilikuwa na swali la nyongeza, lililoandikwa chini kabisa kwa mwandiko mwingine, wa penseli. Bibi mmoja ameuliza: Kama mwili una ghala, mbona wenyewe haulifungui mpaka uchomwe sindano?

Bibi, shikamoo. Mwili hulifungua. Mtu akiogopa sana, au akikimbia mbio, homoni nyingine iitwayo adrenalini humwagika, nayo pia hutoa gundi na namba nane katika damu. Anayekimbizwa na kiboko anajiandaa kwa jeraha kabla halijaja. Mwanamke mwenye mimba naye, gundi yake huongezeka mwezi hadi mwezi, na wenye ugonjwa wa namna ya kwanza huonekana kama wamepona kabisa, wakajifungua salama. Kisha katika siku na majuma baada ya kuzaa gundi hushuka tena mpaka ilipokuwa. Mama amekwisha ruhusiwa, yuko nyumbani na mtoto mgongoni, na damu hurudi siku ya kumi au zaidi, wakati mkunga hayupo tena karibu. Damu ya namna hiyo ikirudi kwa wingi, arudishwe hospitali siku ile ile, na aseme kama nyumbani kwao wako wanaotoka damu.

Kuhusu mbwa wenu mliyemwandikia barua: kama hakula sumu, na kama kila jeraha dogo humtoka damu tangu alipokuwa mtoto, mwombeni bwana mifugo ampime mdomo kwa saa. Msimkate masikio wala mkia. Wala msimzalishe, maana ugonjwa huu hurithiwa na watoto wake wa kike na wa kiume pia. Mkiandika tena, nitajieni dakika alizozihesabu bwana mifugo, na umri wa mbwa.